Tundu Nililosema Halipo

Vijana wa waya na vanishi, mpo? Kabla hamjauliza mimi ni nani, nitajisemea mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Bondeni, mtaani kwangu, wataanza na kitambi changu.

Nimesuka mota miaka ishirini na tisa. Mashine za kukoboa mpunga kuanzia Njisi hadi Bujonde, sidhani kama ipo ambayo mota yake haijawahi kulala mezani kwangu. Darasa la saba nililiona kupitia dirishani tu, la sita ndilo la mwisho kukalia dawati. Umeme nimeusoma kwa kupigwa nao. Sasa nina miaka hamsini na mitatu na nimeacha kazi, vanishi imenikaa kifuani, nikitembea haraka napumua kama mota yenye beringi mbovu. Lakini jina nimeliacha juu. Hakuna mota iliyotoka mkononi mwangu ikarudi imeungua. Isipokuwa moja, ya pampu ndogo tu ya maji, na kwa ajili ya hiyo moja nusura nimharibie mtu elimu yake na kuwadanganya wanasayansi wa dunia. Kaeni niwaambie.

Kwanza mjue nilifundishwa na nani. Mzee Asegelile, fundi wangu, alikuwa akihesabu mizunguko ya waya kwa Kinyakyusa, kwa sauti, na ukimsalimu katikati hakujibu hata ungekuwa mchungaji. Mimi siku moja nilijibu salamu. Nikapoteza hesabu, nikakisia, nikafunga. Mota ilipowashwa palepale karakanani ikatoa moshi. Mwenye mashine alikuwa amesimama mlangoni. Nikaanza kusema labda waya ni mbovu, labda umeme wa leo umepanda. Mzee akanikatiza: "Mota imeshasema ya kwake. Sema na wewe ya kwako." Nikasema mbele ya mteja kwamba nilikisia. Nikaifumua yote, siku mbili, huku natazamwa. Sikumpenda siku hiyo. Lakini tangu hapo sijakisia mzunguko hata mmoja, na ninyi msikisie.

Jambo jingine, masika ya hapa kwetu vanishi haikauki. Msidanganyike na jua la dakika kumi kati ya mvua na mvua. Weka stata, lile gamba la mota lenye koili, ndani ya pipa tupu, ning'iniza balbu kubwa ya zamani katikati yake, funika na gunia, uiache siku nzima. Wanaosema wanakausha kwa upepo ndio wanaorudishiwa mota.

Sasa nije kwa mkwe wangu.

Mwanangu Lugano, ambaye ni muuguzi Mbeya, alioa binti wa Bujonde anayeitwa Subilaga. Baba yake mkulima wa kakao, mtu mpole. Binti mwenyewe alikuwa chuo kikuu akisomea shahada ya pili ya fizikia. Akajifungua, akaja kulelewa uzazi nyumbani kwangu, kwa mama mkwe wake, na akaja na masomo yake kwenye masanduku mawili.

Hapa kuna jambo ambalo wasio wa kwetu watalishangaa. Kwa sisi Wanyakyusa mke wa mwanao hakutazami usoni wala wewe humtazami. Akisikia kikohozi chako anapita nyuma ya nyumba. Hamzungumzi. Ni heshima, na siku hizi wengi wa mjini wameiacha. Kwangu haikuachwa. Mama yangu marehemu aliishika mpaka kaburini, na Subilaga, pamoja na vyuo vyake vyote, aliishika bila kuombwa. Mwaka wa pili huo yupo kwenye ukoo, nilikuwa naijua kanga yake na kisigino chake, basi.

Kwa hiyo aliponihitaji, alimtuma mke wangu. Mama Lugano akaja karakanani akiwa na karatasi.

"Mkweo anauliza kama unaweza kumsukia sumaku mbili. Kubwa."

"Mwambie anamuuliza nani? Mwambie nimesuka mota ya nguvu za farasi arobaini macho yakiwa yamefumbwa."

"Nitamwambia ndiyo," akasema mama Lugano. Ndivyo alivyokuwa akinipunguza njiani.

Nilitaka kujua za nini. Ikachukua siku tatu, kwa sababu kila swali lilipita kwa mke wangu na kila jibu likarudi kwa mke wangu, na yeye ana mwanamke wa kumkanda na mjukuu wa kubeba. Mwisho nikalipata hivi. Kuna chembe ambayo wanasayansi wanaishuku lakini hakuna aliyeiona. Jina lake aksioni. Haina chaji, haigusani na vitu, inapita ukutani kama ukuta haupo. Ila ina tabia moja. Mwanga ukipita kwenye sumaku kali unaweza kugeuka chembe hiyo, na chembe hiyo ikikuta sumaku nyingine inaweza kugeuka tena kuwa mwanga. Kwa hiyo unaweka mwanga upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili unaketi gizani unasubiri. Mwanga wenyewe hauwezi kupita. Ukiuona upande wa pili, kuna kitu kimeubeba.

Mama Lugano aliposikia mwenyewe anachokisema akaweka mikono kiunoni.

"Basi hiyo chembe ni mimi," akasema. "Maneno yako yanaingia kwangu huku, napita nayo ukutani, yanatoka kule yakiwa maneno tena. Mbona wanaihangaikia wakati ipo hapa inapika?"

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya hayo, na nimewahi kuwauliza walimu.

Mwanga wa Subilaga haukuwa wa kuonekana kwa macho. Alitumia mawimbi kama ya redio, ambayo anasema ni mwanga uleule, tofauti ni urefu tu. Wimbi lake moja lilikuwa na urefu wa kiganja. Karakana yangu ina vyumba viwili vyenye ukuta wa tofali katikati. Chumba changu kikawa cha kurusha: kopo la shaba linalotoa wimbi, sumaku, swichi zote. Chumba chake kikawa cha kusikiliza: kopo jingine la kulinasa wimbi, sumaku nyingine, na kompyuta. Chumba hicho nilikivika bati pande zote, dari, mlango, kila kiungo nimelehemu, ili wimbi lisipenye. Nyaya za umeme wa sumaku alizipitisha kwenye vichujio alivyokuja navyo. Alikagua kila kiungo kwa mkono wakati mimi nimekwenda sokoni, akatuma jibu: "Mwambie baba kazi yake ni safi." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Sumaku zilichemka. Koili ninazozijua mimi zinapoa kwa feni, hizi zilikula umeme mwingi mno. Nikakumbuka Wakisi wa kule ziwani, nikamwagiza mama mmoja mfinyanzi anifinyangie pete za udongo, nene, za kukalisha koili zisiguse chuma. Alicheka, akauliza ni chungu gani hicho kisicho na tako. Hazikupasuka hata moja. Halafu nikaweka maji: kila chumba pipa lake na pampu yake, maji yanazunguka kwenye bomba la shaba linalozunguka sumaku. Pampu nikaziunganisha na swichi ya sumaku. Ukiwasha sumaku maji yanakuja, ukizima yanarudi pipani yenyewe. Pampu hizo mbili zilikuwa za zamani, mota zake nilizisuka mwenyewe.

Siku tano tulifanya kazi hivyo. Mimi nawasha, yeye amekaa ndani ya bati katika joto la Kyela, mnalijua, dakika kumi anatoka amelowa kama aliyevuka mto. Kwenye kompyuta yake mstari ulilala chini, bapa. Mama Lugano alikaa uani kati ya milango miwili, mtoto mapajani, akipitisha habari.

"Anasema hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi? Sumaku zangu hizo!"

"Anasema hakuna kitu, na ndivyo alivyotegemea. Vifaa vyake ni vidogo, wenzake Ulaya wana sumaku kubwa kama nyumba na hawajaona. Anataka kuonyesha tu kwamba anajua kutafuta."

Mimi, vijana, sikukubali kujengea watu mashine ya kutoona.

Jumapili hiyo wao wakaenda kanisani, mimi kifua kikanibakiza. Nikawasha swichi upande wangu kujaribu, nikaingia chumba chake kufagia. Pampu ya upande wake haikuzunguka. Nikainusa. Ninyi mnaijua harufu hiyo, vanishi iliyoungua hainyamazi. Mota niliyoisuka kwa mkono wangu ilikuwa imekufa.

Niseme ukweli nilichofikiri. Sikufikiri kuhusu chembe. Nilifikiri: wakirudi kutoka kanisani, mkwe wangu msomi, aliyesema kazi yangu ni safi, ataambiwa mota ya baba imeungua. Kuisuka upya siku mbili, kukausha siku moja, na masika yale. Na Ijumaa alikuwa na ahadi ya kutuma majibu yake kwa mwalimu wake chuoni, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, bila hiyo mwaka wake wa masomo ungepotea. Basi nikachukua tindo. Nyuma ya meza ya sumaku, chini, mahali ambapo mtu haoni asipolala kifudifudi, nikatoboa ukuta. Tundu la inchi moja. Nikaingiza kipande cha bomba la chuma, nikalehemu kingo zake kwenye bati vizuri kabisa, ndani nikapitisha mpira wa maji. Pampu yangu ya upande huu ikawa inalisha sumaku zote mbili. Mota iliyokufa nikaifunika kwa gunia la pumba. Waliporudi, maji yalikuwa yanazunguka.

Jumatatu mama Lugano alisimama ghafla na mtoto. "Anasema kimepanda!"

"Nini kimepanda?"

"Mstari! Anasema zima."

Nikazima. "Umelala. Washa." Nikawasha. "Umepanda!"

Tulifanya hivyo mara ishirini. Sumaku ikiwaka mstari unapanda, ikizima unalala. Hivyo hasa ndivyo chembe ile ingefanya. Subilaga akatuma swali: je, baba amebadilisha kitu chochote? Ukuta umetobolewa?

Nikajibu: "Mwambie ukuta ni uleule. Hauna tundu."

Na wallahi, kama ningeapishwa mbele ya madhabahu ningeapa. Kwa fundi wa umeme, mpira ni mpira. Umeme haupiti mpira. Tundu lililozibwa na mpira, kwangu lilikuwa limezibwa. Nilichokuwa naficha ni mota.

Jioni hiyo mke wangu aliniletea maelezo mengine, akiwa ameyashika kwa uangalifu kama anabeba mayai. Wako wanasayansi wanaoamini kwamba nguvu za dunia, ile ya umeme na mwanga, ile inayoshikilia kiini cha atomu, na ile inayofanya viini vingine vioze, mwanzo zilikuwa nguvu moja. Nikamwambia hiyo ninaielewa, ni mashine ya mpunga. Shafti moja, mikanda mitatu. Mmoja unakoboa, mmoja unapepeta, mmoja unang'arisha. Ukiukamata mkanda mmoja kwa mkono umeikamata shafti, na mikanda mingine imekusikia. Akaenda na mfano huo, akarudi.

"Anasema ndivyo hasa! Amecheka. Anasema kama shafti ni moja, chembe inayogusa mwanga lazima iguse na ile nguvu ya kiini, na nguvu hiyo inaitwika uzito. Kadiri inavyougusa mwanga zaidi, ndivyo inavyokuwa nzito, kuna kipimo chake. Sasa huu mstari wa humu ndani, kama ni kweli, ni wa chembe nyepesi sana inayougusa mwanga kwa nguvu sana. Hailingani na kipimo."

"Maana yake?"

"Maana yake hakuna shafti moja. Wamekosea wote." Akashusha sauti. "Na anasema usimwambie mtu."

Mnanijua. Kufika Jumanne saa nne asubuhi Bondeni nzima ilikuwa inajua kwamba mtu wa darasa la sita amevunja shafti ya wanasayansi. Muuza mkaa mmoja alinisalimu kwa kuvua kofia. Mwingine akauliza, "Na shafti yangu ya baiskeli utaivunja lini?" Nikamwambia akae kimya, anaongea na historia.

Jumatano tukiwa katikati ya kipimo nilisikia pampu ikilia kavu. Mpira wa upande wangu ulikuwa umechomoka, maji yanamwagika sakafuni. Papo hapo mama Lugano akaita: "Anasema umelala! Umezima sumaku?"

Nikatazama mita ya ampia. Mshale ulikuwa palepale. Sumaku zilikuwa zinawaka, zote mbili, umeme wote. Kilichokosekana ni maji tu.

Hapo nikajua. Sikujua kwa nini, ila fundi hahitaji kujua kwa nini ili ajue ni nini. Mstari ule haukuifuata sumaku, ulifuata maji.

"Unasikia? Anauliza umezima?"

Nikaurudisha mpira mahali pake. "Mwambie nilizima kidogo."

"Anasema umepanda tena. Anasema asante, ameandika."

Ameandika. Ule uongo wangu ukawa kipimo.

Alhamisi sikula. Mama Lugano alidhani ni kifua. Ijumaa asubuhi ikaja habari ya msiba kwa akina Subilaga, Bujonde, mama yake mdogo wa mbali, na mke wangu akaondoka na mtoto mgongoni, maziwa ya mama yake kwenye chupa, ili mkwe abaki amalize kazi yake. Kufika saa sita Subilaga alikuwa ndani ya bati akikusanya vipimo vya mwisho. Akimaliza angetuma. Nilimsikia akikohoa. Nikatazama uani, kiti cha mama Lugano kilikuwa kitupu. Hakukuwa na mtu wa kunibebea neno.

Nikafikiri kumwandikia karatasi. Nani aipeleke? Nikafikiri kwenda mlangoni kwake. Mguu ukakataa, mama yangu alikuwa ananitazama kutoka huko aliko. Nikafikiri pia kunyamaza, msidhani sikufikiri. Wenzake wangerudia kipimo kwa vifaa vyao, wasingeona kitu, na mtoto wa watu angeitwa mwongo au mjinga maisha yake yote, na mimi ningebaki na jina langu la mota zisizorudi. Ndipo nikamsikia Mzee Asegelile kama yuko mlangoni. Mota imeshasema ya kwake.

Nikazima kila kitu. Nikauvuta mpira wote kutoka ukutani, maji yakamwagika sakafuni, nikapiga magoti humohumo, nikaweka mdomo kwenye tundu.

"Mkwe."

Nikatega sikio kwenye tundu, nikarudisha mdomo.

"Mkwe, unanisikia?"

Nikasikia kiti kikiburuzwa. Kisha sauti yake, mara ya kwanza naisikia ikinielekea mimi: "Baba? Sauti yako inatokea wapi?"

"Kwenye tundu nililosema halipo."

Nikasema yote bila kupumzika: pampu iliyoungua, tindo, bomba, mpira, maji yanayokuja na sumaku. "Na Jumatano sikuzima sumaku. Mpira ulichomoka. Nilikudanganya."

Nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayetua mzigo, sijui kwa huzuni au kwa nafuu, nadhani vyote.

"Tundu lina upana gani, baba?"

"Inchi moja."

"Na bomba urefu wake?"

"Unene wa ukuta. Shubiri moja."

"Likiwa kavu wimbi langu haliwezi kupita humo," akasema polepole, kama anajisemea. "Ni refu kuliko tundu. Lakini ndani ya maji wimbi hufupika mara tisa. Linapita kama mtoto anavyopita kwenye ua." Kisha akasema: "Baba, rudisha mpira, huku nitauunga mimi. Washa kopo lako la wimbi na pampu tu, sumaku usiziwashe. Mstari ukipanda nitagonga bati."

Nikawasha kopo, nikaiunganisha pampu moja kwa moja na umeme bila kupitia swichi ya sumaku. Nikaomba, sijui hata niliomba nini. Maji yakaenda.

Bati likagongwa mara tatu.

Mnaweza kusema nilishindwa, na ni kweli, shafti ya wanasayansi ilirudi nzima palepale. Nilizima, nikautoa mpira ili nisikie kama ana neno. Alikuwa nalo.

"Ndaga fijo, tata," akasema. Asante sana, baba. Halafu, kwa sababu alikuwa ameanza kuzungumza bila kunisalimu, akanisalimu: "Mugonile." Nikaitikia nikiwa bado nimepiga magoti kwenye maji.

Aliniomba nilizibe kwa shaba, si kwa mpira wala kwa saruji. Nililehemu pande zote mbili, nilisubiri atoke ndipo niingie upande wake. Alipima tena jioni hiyo maji yakiwa yamekatwa, kwa dakika chache chache kabla koili hazijachemka. Mstari ukalala. Mama Lugano aliporudi alitukuta kila mtu na mlango wake.

"Mmeongea," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Sakafu imelowa, na wewe uliyejikunja tangu jana umenyooka. Siku moja tu nimeondoka, mmeshatoboa ukuta!"

Majibu yalitumwa Ijumaa hiyohiyo: hakuna kilichoonekana. Sura nzima ya andiko lake ni kuhusu tundu la maji na namna linavyoweza kujifanya chembe, na nasikia ndiyo sura waliyoipenda. Shahada aliipata. Bado hatutazamani. Vijana, nilichowaitia ni hiki: ukibadilisha kitu kwenye kazi ya mtu, mwambie, hata kama ni mpira wa maji. Bondeni nilirudi nikawaambia shafti ni nzima. Yule wa baiskeli alicheka mpaka akakaa chini.

Nakala ya andiko ipo sebuleni kwangu. Ukurasa wa mbele, kwenye shukrani, jina langu limeandikwa kamili, na Lugano alinisomea mara nne kwa ombi langu: aliyesuka sumaku zote, na aliyegundua uvujaji. Mkwe wangu ana heshima. Hakuandika nani aliyeutoboa ukuta.

Ni mimi.